Kivuko cha Mto Lenn

Gedney Dyke,
16 Machi 2003

Rowland, mwana wa dada yangu,

Jumanne iliyopita nimetimiza miaka themanini na mitatu. Nimemzika mke wangu Ivy, nimemzika mama yako Hester, nimewazika madaktari watatu walioniambia niache kiko. Stesheni ya treni imeng'olewa. Mashine ya mvuke iliyokuwa ikivuta maji mashambani imewekwa makumbusho. Na yule mwalimu aliyenitoa darasani nikiwa na miaka kumi na mmoja, akasema, "Tunnard, wewe jina lako halitaandikwa popote ila kwenye jiwe la kaburi," sasa yuko chini ya jiwe lake, nalo limeota ukungu hata jina halisomeki. Mimi nipo.

Salamu kwa mkeo Bridget na kwa binti yenu Imogen. Mwambie asome, asije akaandika kama mimi. Magoti yangu ni yale yale. Paka amezaa kwenye kikapu cha viazi.

Sasa neno langu. Gazeti lako unalolihariri limekuja siku tisa nyuma ya siku yake, jembamba kama mkate wa mgonjwa. Kurasa ishirini na nane! Nakumbuka likiwa na mia moja na kumi, ukilidondosha sakafuni paka anakimbia. Hata ule mstari mdogo wa juu uliokuwa ukitutajia majira ya Vessary, ile nchi ya mchezo wetu, mmeuondoa kuokoa nafasi. Kila toleo, miezi miwili miwili, ni majira mamoja, sawa, najua, nahesabu mwenyewe kwa magazeti yaliyo chini ya kitanda. Lakini mstari wenyewe ulikula wino kiasi gani?

Unajua gazeti naletewa na posta, ila kila likitoka huenda duka la Holbeach nikalione limesimama rafuni. Safari hii sikuliona. Nikamwambia binti wa duka, "*Ramani na Dadu* liko wapi?"

"Ndiyo nini hiyo, babu?"

"Gazeti la vita."

"La vita? Babu, wiki hii yote yana vita."

"Hivyo vyenu havijaanza bado. Vya kwangu vina miaka kumi na tisa."

Akacheka. Hajui anazungumza na nani. Wachezaji arobaini na wanne tuliingia Vessary mwaka wa themanini na nne, kila mmoja na jeshi lake kwenye ramani ile ile, kila mmoja akituma amri zake kwa barua hadi Ijumaa iliyopangwa kwa kila toleo, na asiyetuma jeshi lake likisimama lilipo. Wakubwa walikuwemo. Mhandisi, kanali, daktari wa meno. Wote wamekwisha. Na kivuko cha mto Lenn anakishika nani? Mchimba mitaro wa Gedney Dyke. Kanuni inasema siku vita vikiisha, mwenye kivuko ndiye mshindi, na mshindi anachapwa ukurasa mzima, jina kubwa juu.

Kwa hiyo nijibu, ndiyo au hapana, usinizungushe. Gazeti linakufa?

Mjomba wako,
Jabez Tunnard


Bristol,
2 Aprili 2003

Mjomba mpendwa,

Barua yako imenikuta mzima. Hongera kwa miaka. Bridget anakusalimia na amekufumia soksi, zinakuja na kifurushi. Imogen ana mitihani, amekuwa haongei na mtu. Bomba la jikoni lilipasuka Jumapili, tukashinda tukikausha sakafu.

Kuhusu jarida, mambo yanaendelea. Kiwanda cha uchapaji kilituchelewesha, na karatasi siku hizi ni shida. Vijana wengi wanacheza kwenye kompyuta, hilo nawe umeliona. Lakini barua za wasomaji bado zinakuja.

Bwana Isbister, adui yako wa Vessary, anakusalimia kutoka Orkney. Anasema kivuko chako kitamtoa roho.

Kula vizuri. Usipande ngazi.

Rowland


Gedney Dyke,
20 Aprili 2003

Rowland,

Soksi zimefika, mguu wa kushoto ni mrefu kidogo, mwambie Bridget nimezipenda. Paka nimegawa wote ila mmoja. Bustanini maharage yamechomoza.

Juzi usingizi ulinichukua mchana kitini, na nikawa Vessary. Huwa naenda. Ukungu uko kama wetu wa hapa, umelala chini, ng'ombe wanatembea bila miguu. Nilikaa ukingoni mwa Lenn. Maji yalikuwa na rangi ya chai. Ng'ambo farasi wa Isbister walikuwa wakinywa, wengi, bila sauti hata moja, nami sikuwahesabu kwa sababu katika ndoto ilikuwa kama kuhesabu wageni harusini. Nikaamka kiko kimeniunguza suruali.

Unakumbuka wewe ndiye uliyeniletea toleo la kwanza? Ivy alikuwa na miezi miwili tu kaburini. Uliniambia, "Mjomba, soma hili, lina ramani." Kusoma! Mimi nilikuwa nasoma majina ya barabara na chupa za dawa. Nikaikodolea macho ile ramani kwa wiki nzima, nikaenda maktaba ya Spalding, nikamwambia bibi wa pale, "Nipe kitabu kinachoonyesha njia ya kwenda Vessary." Akatafuta yule mama! Alitafuta nusu saa. Aliposema nchi hiyo haipo, nikamwambia vitabu vyake ni vya zamani. Herufi nilijifunzia kwenye amri za vita. Neno la kwanza refu nililoandika bila kukosea ni "kikosi".

Sasa nikuulize. Isbister miaka kumi na mitano alikuja kivukoni kama mwewe. Mara tatu nusura anitoe. Siku hizi anakuja, anachungulia, anarudi nyuma. Miaka mitatu, minne sasa. Nilisema labda ni uzee, uzee si wote wanaouweza. Lakini Januari hii theluji ilifunga, posta haikutembea siku kumi na mbili. Toleo la Machi linasema amri hazikufika. Jeshi langu limesimama. La Bwana Quill wa Kent limesimama. Wote waliobaki wamesimama, isipokuwa Isbister, ambaye yuko kisiwani, bahari pande zote, meli zimefungwa. Amri zake zimefika, farasi wake wamesogea maili sita na kurudi.

Barua yake ilipita wapi, Rowland? Iliogelea?

Jabez


Gedney Dyke,
1 Juni 2003

Rowland,

Nyumbani salama. Maharage yamepanda hadi dirishani.

Wiki sita sijapata jibu. Toleo la Mei halikuja. Nilikwenda posta, Bi Thelma Crust akatafuta hadi chini ya mizani. "Jabez," ananiambia, "mpwa wako amekutupa." Nikamwambia mwana wa Hester hamtupi mtu, ila akikosa hujificha kabatini, tangu ana miaka minne.

Toka kabatini.

Anwani ya Isbister iko kwenye toleo la kumi na saba. Nimemwandikia mwenyewe, Orkney.

Jabez


Bristol,
9 Juni 2003

Mjomba,

Nisamehe. Barua hii nimeianza mara nne. Bridget ananiambia nikuandikie kama ninavyoongea, basi.

Wenye kampuni wanalifunga jarida. Toleo la Mei halikutoka kabisa. Limebaki la Julai, la Septemba, na la Novemba ndilo la mwisho. Tulikuwa na wasomaji elfu kumi na nane, sasa hawafiki elfu na mia mbili. Nimejua tangu Februari.

Na Bwana Isbister amefariki. Alifariki Oktoba ya mwaka wa tisini na tisa. Binti yake aliniandikia. Nilikaa na barua ile mezani siku nzima. Wachezaji wengine walikuwa wamebaki watano, wote mbali na kivuko, wanacheza kwa mazoea tu. Bila Isbister wewe ungekuwa huna wa kupigana naye, na kanuni ingenitaka nifunge vita. Mama alikuwa amefariki majira ya joto ya mwaka huo huo. Sikuweza kukuandikia mambo mawili kama hayo mwaka mmoja. Nikaandika amri za Isbister mwenyewe, mara moja tu, nikasema. Ikawa miaka karibu minne. Ile theluji niliisahau. Nilikuwa nimekwisha zoea barua yake kutokuwepo, nikasahau kwamba ilipaswa kuchelewa.

Lakini sikiliza. Kivuko ni chako. Kaa hapo, usifanye lolote, na toleo la Novemba litakutaja mshindi, ukurasa mzima, jina lako juu. Nimeshampangia mchoraji.

Wako,
Rowland


Gedney Dyke,
14 Juni 2003

Rowland,

Sina salamu leo. Haya, salamu kwa Bridget.

Barua ya binti wa Isbister imefika siku moja na yako. Anaitwa Inga. Anasema baba yake akiwa kitandani mwisho-mwisho aliuliza kama lile zee la mitaroni bado liko kivukoni. Akaambiwa lipo. Akasema, "Basi likaze." Hayo ndiyo maneno ya adui! Adui wa kweli alinitakia nikaze, na mpwa wangu mwenyewe akanipapasa kichwa kama paka.

Mama yako aliponikasirikia alinipiga na mwiko, na mwiko ukavunjika. Wewe umetoka wapi na huruma yako? Miaka minne nimejisifu kwa Bi Thelma, kwa mchungaji, kwa kila aliyesimama kununua stempu, kwamba nimemrudisha Isbister nyuma. Nani nimemrudisha? Mtu aliyekuwa anarudi mwenyewe!

Nataka jina langu lichapwe. Nalitaka hivyo hivyo kama nilivyolitaka jana. Lakini sichapwi kwa kuonewa huruma, ng'o.

Kwa hiyo utafanya hivi. Matoleo matatu yamebaki. Utalichukua jeshi la Isbister utapigana. Kweli. Amri zako utaziandika kwanza, utazitia bahasha, utampa yule mchapaji wako, Gwatkin, akae nazo. Yangu Bi Thelma atagonga muhuri mbele ya macho yangu. Gwatkin ndiye atakayefungua zote mbili kwa pamoja. Hakuna kusahihisha, hakuna kunong'onezana. Ukinipendelea nitajua, nimekwisha jifunza unavyonukia.

Njoo kivukoni, mwana wa Hester.

Jabez Tunnard


Bristol,
3 Agosti 2003

Mjomba,

Imogen amefaulu, anakwenda chuo cha Leeds. Bridget amepaka rangi chumba chake kabla hata hajaondoka, wakagombana, wakapatana.

Umeliona toleo la Julai. Ndiyo, nimelichoma daraja lako la juu. Gwatkin alipofungua bahasha alipiga meza. "Mhariri! Umemchomea babu daraja!" Nikamwambia ndivyo alivyotaka. Akasema, "Na wewe uso wako huo, ulitaka nini?"

Mjomba, tangu nimekuwa mhariri nimehesabu vita vya wengine, sikupigana hata kimoja. Mwezi huu nimeitandika ramani sakafuni na kulala juu yake kwa tumbo. Bridget aliingia, akaruka juu yangu akaenda zake. Nilikuwa nimesahau jinsi mto unavyopinda pale chini ya msitu. Nimekaa na mpindo ule hadi chai ikapoa.

Umeudhika?

Rowland


Gedney Dyke,
28 Septemba 2003

Rowland,

Mpe mkono Imogen. Leeds ni mbali, avae soksi. Hapa tumevuna viazi, na maboga mawili makubwa kuliko kichwa cha mchungaji.

Niudhike? Nilicheka hadi Bi Thelma akaniletea maji. Nimelala vizuri kuliko miaka yote hii minne. Na umeona Septemba nilivyokufanya! Ulidhani nitalia daraja. Mimi kambini kwako, jogoo hajawika, farasi wako wanakimbia bila tandiko. Nimemwambia mchungaji, akasema, "Jabez, haya ni mapigano ya karatasi." Nikamwambia, na yako mahubiri ni ya nini, ya chuma?

Ndoto zimebadilika. Sasa ng'ambo wale farasi wananitazama. Mmoja alivuka hadi katikati ya maji, akasimama, mvuke ukimtoka puani, na aliyempanda alikuwa na koti la mama yako. Wala mimi sikuogopa, usije ukafikiri.

Amri zangu za mwisho ziko kwenye bahasha nyingine, zimegongwa muhuri. Usijaribu kukisia. Huwezi.

Jabez


Bristol,
15 Oktoba 2003

Mjomba mpendwa,

Tuko wazima sote. Nakuandikia haraka, mitambo inawashwa Alhamisi ijayo.

Gwatkin alifungua bahasha jana saa nne asubuhi. Amri yako inasema: *vunjeni matuta ya Lenn, maji yafunike bonde lote, adui asipate pa kukanyaga*. Ni amri nzuri. Kwa majira ya mapukutiko, kabla ya baridi, isingevunjwa na jeshi lolote.

Lakini Vessary sasa ni majira ya baridi, Mjomba. Kanuni inasema majira hupita hata jarida lisipotoka. Toleo la Mei halikutoka, lakini majira yake yalipita. Wewe umehesabu magazeti yaliyo chini ya kitanda, na moja halimo. Na ule mstari wa juu ambao ungekuambia, mimi ndiye niliyeuondoa.

Maji yako yameganda. Amri yangu niliyompa Gwatkin wiki moja kabla inasema: *ngojeni mafuriko yawe barafu, kisha vukeni kwa miguu*. Nilijua utafungulia maji. Mtu aliyechimba mitaro miaka arobaini na sita atafanya nini kingine? Na nilijua barafu ya mafuriko inabeba watu kwa sababu wewe ndiye uliyenifunga vile viatu vya chuma vya kutelezea, nikiwa na miaka saba, kwenye malisho yaliyofurika na kuganda nyuma ya kanisa, ukanisukuma mgongoni ukasema, "Usitazame chini, itakubeba." Jeshi limevuka. Kivuko si chako tena.

Gwatkin anasema atafunga mdomo. Kurasa hazijapangwa bado. Naweza kusema Vessary ni mapukutiko, na hakuna mtu duniani atakayebisha. Ukurasa ni wako, picha ipo, jina lako lipo. Niandikie neno moja tu.

Rowland


Gedney Dyke,
18 Oktoba 2003

Rowland,

Hapana.

Ndilo neno moja. Ila karatasi ina nafasi.

Nilipoisoma barua yako nilitoa magazeti yote nikayahesabu, mara mbili, na sikukutana na Mei. Nilikaa sakafuni kitambo, kwa sababu ya magoti, si kwa sababu nyingine. Nilihesabu magazeti, sikuhesabu majira. Kosa ni langu. Mtu wa mabwawa kusahau barafu! Hester angevunja mwiko wa pili.

Chapa ilivyokuwa. Chapa maji, chapa barafu, chapa farasi wakipita juu. Na jina langu lichape hapo hapo, kamili, Jabez Tunnard wa Gedney Dyke, alikishika kivuko miaka kumi na tisa, akashindwa majira ya baridi. Kushindwa kuwe kwa herufi kubwa kama ushindi. Waliorudi nyuma mbele yangu miaka minne hawakuwepo. Huyu aliyenitoa alikuwepo, nimemfundisha mwenyewe.

Mshindi usiandike Isbister. Andika jina lako, usijifiche kabatini.

Jabez


Gedney Dyke,
23 Novemba 2003

Rowland mpwa wangu, mshindi,

Salamu kwenu nyote. Asubuhi hii bustani imekuwa nyeupe kwa jalidi, na paka hataki kutoka.

Limefika. Kurasa ishirini na nane, na ule wa kumi na tisa ni wetu, nusu yako nusu yangu. Nililipeleka posta nikalisoma kwa sauti, lote, kuanzia matuta kuvunjwa hadi mwisho. Foleni ilifika mlangoni na hakuna aliyenung'unika. Neno "yameganda" nilikwama, nikarudi, nikalipita. Nilipofika jina langu nilisimama kidogo. Mchungaji akauliza, "Ndiyo mwisho, Jabez?" Nikamwambia, "Ndiyo. Wamenitoa." Mama mmoja aliyekuja na kifurushi akapiga makofi, wakafuata wengine. Watu wa hapa huwapigia makofi walioshinda mbio za barafuni na wale walioanguka karibu na mwisho, wote sawa.

Sijui nitapokea nini na posta Januari. Niandikie wewe, hata kama huna la kusema.

Usingizini jana nilikuwa Vessary tena. Bonde lote lilikuwa kioo, matete yamesimama ndani yake, na sauti ya kwato ikija kutoka mbali, ndogo, kama mtu anayepanga vikombe. Sikushika silaha. Nilisogea pembeni wakapita, wengi, wengi, hadi wa mwisho, kisha nami nikakanyaga. Ilinibeba.

Haya yote ni kweli, na asiyeamini awaulize Bi Thelma Crust aliyegonga mihuri, Gwatkin aliyefungua bahasha, Bi Inga Isbister wa Orkney ambaye nimempelekea nakala, na mchungaji, ingawa alisema ni karatasi tu. Wa tano ni wewe. Ulikuwepo ng'ambo.

Mjomba wako,
Jabez Tunnard